Kazi ya Kupima Tusichokijua

Mwaka 1945 Frederic Fitch, mwanamantiki wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alipeleka makala yake kwenye jarida la mantiki. Kama ilivyo ada, wahariri walimpa mtu mwingine aipitie, na jina la mpitiaji likafichwa. Maoni yakarudi na hoja fupi iliyoikata makala miguu, naye Fitch akaiondoa. Miaka 18 baadaye, 1963, alichapisha makala nyingine akaiingiza hoja ile humo, na kwenye tanbihi akaandika kwamba haikuwa yake bali ya mpitiaji asiyejulikana. Wanafalsafa waliipa jina la Fitch wakabishana juu yake kwa miongo, mpaka Joe Salerno na Julien Murzi walipofukua makaratasi ya zamani na mwandiko ukamtaja mwenyewe. Alikuwa Alonzo Church wa Princeton, yuleyule aliyemsimamia Alan Turing katika shahada ya uzamivu. Wakati huo Church alikwisha kufariki.

Hoja yenyewe yaweza kuelezwa bila alama hata moja ya mantiki. Twende Pemba msimu wa karafuu. Jana saa sita mchana, juu ya jamvi moja lililoanikwa uani, palikuwa na karafuu za idadi fulani kamili. Idadi hiyo ama ilikuwa shufwa ama witiri. Hakuna njia ya tatu. Hakuna aliyezihesabu, na jioni zilizolewa zikachanganywa na za majamvi mengine, zikatiwa guniani. Tuseme zilikuwa shufwa. Basi kauli hii ni ya kweli: karafuu zile zilikuwa shufwa, na hakuna mwanadamu anayejua wala atakayejua kwamba zilikuwa shufwa. Sasa jaribu kuijua kauli hiyo nzima. Ili uijue yote, sharti ujue nusu yake ya kwanza. Lakini ukishaijua nusu ya kwanza, nusu ya pili imekuwa uongo, maana yupo mwanadamu anayejua, nawe ndiye. Na uongo haujuliwi, huaminiwa tu. Kwa hiyo tunayo kauli ya kweli ambayo hakuna binadamu awezaye kuijua, hata apewe umri wa milima.

Angalia vizuri kilichotokea. Hesabu ya karafuu peke yake ingeweza kujulikana, kama mtoto mmoja angechutama pale akahesabu. Kisichoweza kujulikana ni ule ukweli wa pamoja, ukweli na kutojulikana kwake. Msomaji mcha Mungu atasema Mungu anajua yote, na hoja haimpingi hata kidogo. Inatuhusu sisi wenye macho mawili na siku zenye kikomo. Inasema tu kwamba anayedai kila ukweli unaweza kujuliwa na binadamu hana budi pia kudai kwamba kila ukweli ama unajuliwa ama utajuliwa na binadamu. Dai la kwanza lina sura ya unyenyekevu na matumaini, la pili ni upuuzi, na mantiki inayafunga pamoja ukitaka usitake.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ya watu wanaokaa na mambo ya namna hii maisha yao yote. Ni wanafalsafa wachache wanaouliza kujua ni nini, wakaendelea mpaka kwenye swali gumu zaidi: kutojua kuna umbo gani, na kunaanzia wapi. Nimemchagua mmoja wao, Timothy Williamson wa Oxford, kwa sababu amepita karibu kila mlango wa nyumba hii na hakuna ambako aliingia bila kuacha ugomvi.

Mwaka 1982 alikuwa kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, akifundisha Trinity College, Dublin. Oxford, kiti cha uprofesa wa mantiki kinachoitwa Wykeham kilikaliwa na Michael Dummett, mwanafalsafa aliyeshikilia kwamba hakuna maana ya kusema jambo ni kweli kama hata kwa kanuni hatuwezi kulitambua. Hoja ya Church ilimlenga Dummett kifuani. Williamson aliandika makala fupi katika jarida la Analysis akaonyesha kwamba Dummett alikuwa na pa kutokea: ukifuata mantiki ile ya wana-intuisheni aliyoipenda Dummett, isiyokubali kwamba kila kauli ama ni kweli ama si kweli, hoja haifiki mwisho wake mbaya. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba Williamson mwenyewe haikubali falsafa ile. Amekuwa mtetezi mkali wa mantiki ya kale. Alimtafutia mpinzani njia bora ya kujitetea, akaiandika hatua kwa hatua, kwa sababu alitaka kujua hasa hoja inathibitisha nini na haithibitishi nini. Katika siasa na hata katika dini mtu wa hivyo angeitwa msaliti. Katika kazi hii ndiyo adabu ya kawaida, na mwaka 2000 kijana yule alikuja kukalia kiti kilekile cha Wykeham, hadi 2023.

Maisha yake mengine hayana mkasa wa kusimulia. Alizaliwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1955. Akasoma hisabati na falsafa Oxford. Tasnifu yake ya uzamivu iliuliza nadharia mbili zote za uongo zinawezaje kupishana, moja ikawa karibu na ukweli kuliko nyingine. Dublin, Oxford, Edinburgh, kisha Oxford tena. Mkasa umo ndani ya kurasa.

Kitabu chake cha 1994 ni juu ya fumbo la lundo, ambalo hunasibishwa na Eubulides wa Miletos, karne ya 4 kabla ya Kristo. Punje moja ya ngano si lundo. Ukiongeza punje moja juu ya kisicho lundo, hakigeuki kuwa lundo. Basi endelea kuongeza moja moja, na hata punje milioni hazitakuwa lundo. Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walihangaika sana na jambo hili. Khrisippo, mwanamantiki wao mkubwa, alishauri kwamba mtu akikuhoji kwa mtindo huo, mbili ni chache? tatu ni chache? nne je?, uache kujibu kabla hujafika penye utata, unyamaze. Mpinzani wao Karneades akamkejeli: kwa upande wangu koroma ukitaka, lakini itakusaidia nini, maana yupo atakayekuamsha na kukuuliza tena vilevile.

Methali yetu ya haba na haba inaliepuka fumbo hili kwa ujanja. Kibaba kina ukingo. Kikijaa kinamwagika, na kila mtu sokoni anaona. Lundo halina ukingo. Wala uzee, wala upara, wala umbali wa "hapo mbele tu" anaokuambia mwenyeji ukiuliza njia.

Wengi waliotangulia walidhani dawa ni kuilegeza mantiki. Wengine wakasema katikati pale hakuna ukweli wala uongo. Wengine wakasema ukweli una viwango: lundo hili ni lundo kwa 0.7, lile kwa 0.4. Williamson alizichukua dawa hizi moja moja akauliza bei yake. Ukisema katikati hakuna ukweli, hiyo katikati inaanzia punje ya ngapi? Ukisema kuna viwango, ni punje gani inayoishusha kauli kutoka ukweli kamili hadi pungufu kidogo? Umekimbia mpaka mmoja, na sasa unayo miwili, au mia, na kila mmoja unahitaji maelezo yaleyale uliyoyakwepa. Tena njiani umeshatupa kanuni za kufikiri ambazo hesabu na sayansi zote zimejengwa juu yake. Bei kubwa, mzigo hewa.

Jibu lake mwenyewe huwafanya watu wacheke kwanza. Mpaka upo. Kuna punje moja hasa ambayo kabla yake si lundo na baada yake ni lundo. Kuna siku ambayo mtu anaamka ni mzee na jana yake hakuwa. Ila hatujui mpaka uko wapi, wala hatuwezi kujua. Hakuwa wa kwanza kusema hivyo; Roy Sorensen wa Marekani alikwisha kulitetea jambo hilo katika miaka ya 1980. Williamson alichoongeza ni maelezo ya kwa nini hatuwezi kujua, na hapo ndipo kazi yake ilipogeuka kutoka fumbo la maneno ikawa nadharia ya ujuzi.

Mfano wake ni wa umati uwanjani. Nitauhamishia Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unaochukua watu 60,000, siku ya mechi. Umekaa jukwaani unautazama umati. Unajua hawapungui 10,000. Hilo huhitaji kuambiwa. Tuseme idadi kamili, bila wewe kuijua, ni 41,317. Je, unajua kwamba hawako 41,318? Hapana. Angeongezeka mtu mmoja, jicho lako lingeona kilekile na moyo wako ungeamini kilekile. Hata ukibahatisha ukasema "si 41,318" na ikawa kweli, hukujua, ulipona tu. Kujua kunadai nafasi pembeni: mambo yangekuwa tofauti kidogo, bado usingekosea. Williamson aliiita nafasi ya kosa. Macho, masikio, kumbukumbu, vipimo vya maabara, vyote vina nafasi yake.

Kisha akaipeleka kwenye maneno. Maana ya neno "lundo" inatokana na namna mamilioni ya watu wanavyolitumia, na matumizi hayo yanatikisika kila siku. Matumizi yangekuwa tofauti kwa unywele, mpaka ungesogea punje mbili tatu, na sisi tusingehisi lolote. Kwa hiyo imani yetu juu ya mpaka, hata ikiwa sahihi, haina nafasi pembeni. Ni ile hali ya jukwaani, ila sasa tunachokitazama kwa mbali ni lugha yetu wenyewe.

Mimi bado nina wasiwasi. Sioni jinsi vinywa vya watu wote wa Mwambao na bara, pamoja na mikono ya wauza ndizi wanaopanga malundo, vinavyoweza kuchonga mpaka wenye ukali wa punje moja. Kwamba matumizi yanaamua maana, nakubali. Kwamba yanaamua kwa usahihi huo, mfupa umenikwama kooni. Lakini kila nikitafuta pa kwenda nakuta Williamson ameshafika na ameacha bei imeandikwa mlangoni. Ndiyo sababu kitabu kile kimedumu hata kwa wasiokiamini.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko katika kitabu cha 2000, juu ya ujuzi na mipaka yake, na inahusu mtihani wa kushtukiza. Fumbo hili lina asili ya Uswidi nalo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia redio ya huko ilitangaza kwamba wiki ijayo kutakuwa na zoezi la ulinzi wa raia, na siku haitajulikana mapema. Mwalimu wa hisabati Lennart Ekbom akaona tangazo lile lina kitu ndani. Mwaka 1948 likaingia jarida la Mind, na 1953 mwanafalsafa Quine akaliandikia. Siku hizi husimuliwa hivi: mwalimu anawaambia wanafunzi kwamba wiki ijayo watafanya mtihani siku moja kati ya Jumatatu na Ijumaa, na asubuhi ya siku hiyo hawatajua kwamba ndiyo siku. Mwanafunzi hodari anawaza. Hauwezi kuwa Ijumaa, maana Alhamisi jioni tungejua. Ijumaa ikishafutwa, hauwezi kuwa Alhamisi, maana Jumatano jioni tungejua. Anarudi nyuma hivyo mpaka Jumatatu, anafunga daftari akiwa na uhakika hakuna mtihani. Jumatano mwalimu anaingia na karatasi, na darasa zima linashtuka, kama alivyosema.

Wengi waliolishika fumbo hili walitafuta kosa katika ahadi ya mwalimu au katika kupita kwa siku. Williamson alibuni kisa kingine chenye mifupa ileile bila ahadi wala siku kupita. Mwalimu ana kalenda ya muhula ofisini, ukutani, na ameizungushia duara tarehe ya mtihani. Mwanafunzi anapita, mlango uko wazi, anaitupia jicho kalenda kwa mbali. Anaona duara halipo mwishoni mwa muhula. Liko katikati huko. Siku moja na jirani yake hawezi kuzitofautisha kutoka pale alipo, na udhaifu huo wa macho yake anaujua. Anaendelea na safari yake huku akiwaza. Najua si siku ya mwisho. Je, yaweza kuwa ya pili kutoka mwisho? Ingekuwa ya pili, nisingeweza kujua kwamba si ya mwisho, kwa kuwa macho yangu hayatenganishi siku zinazopakana. Lakini najua. Basi si ya pili. Na ya tatu? Ingekuwa ya tatu, nisingejua kwamba si ya pili. Lakini sasa hivi nimeshajua. Basi si ya tatu. Akienda hivyo anaifuta kalenda nzima, na duara bado liko ukutani pale pale.

Kosa liko wapi? Ili afute siku ya pili, haikutosha kwamba anajua mtihani si siku ya mwisho. Alipaswa kujua kwamba anajua hivyo. Ili afute ya tatu, alipaswa kujua kwamba anajua kwamba anajua. Na kila tabaka la kujua linakula kipande cha ile nafasi ya pembeni, mpaka nafasi inakwisha. Mtazamo mmoja wa mbali humpa mtu ujuzi. Haumpi ghorofa zisizo na mwisho za ujuzi juu ya ujuzi. Falsafa ya kale ilipenda kusema kwamba anayejua anajua kwamba anajua. Hapa unaona kwa kidole mahali dai hilo linapovunjika, na huhitaji lolote zaidi ya kalenda na mlango ulio wazi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka uleule wa 1963, ambao Fitch alichapisha hoja ya Church, Edmund Gettier alitoa kurasa tatu katika Analysis zilizowatia wanafalsafa kazi ya nusu karne. Ilikuwa ikifundishwa kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli ukiwa na sababu nzuri. Gettier alimweka Smith, anayeomba kazi pamoja na Jones. Smith ana sababu nzuri ya kuamini kwamba Jones ndiye atakayepata kazi, na anajua Jones ana sarafu kumi mfukoni. Anahitimisha: atakayepata kazi ana sarafu kumi mfukoni. Kumbe kazi anaipata Smith mwenyewe, na kwa bahati tu naye ana sarafu kumi. Aliamini, ilikuwa kweli, sababu alikuwa nayo. Lakini nani atasema alijua? Wakati huo Gettier alifundisha Wayne State, Detroit, chuo ambacho baadaye kilimpa shahada ya uzamili Henry Odera Oruka, yule wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekwenda kuwahoji wazee wenye hekima vijijini Kenya kama wanafalsafa kamili. Oruka alisoma Uppsala vilevile. Dunia ya falsafa ni ndogo kuliko ramani yake.

Baada ya Gettier watu walikazana kuongeza sharti la nne, kisha la tano, na kila sharti likapata mfano wa kulipindua. Williamson akasema tuache kutafuta viungo vya pishi ambalo halikupikwa kwa viungo. Kujua hakukuundwa kwa kuamini pamoja na kitu kingine. Kujua ndiko kunakotangulia, na kuamini ni kujaribu kujua, wakati mwingine bila kufanikiwa. Ushahidi alionao mtu ni yale anayoyajua, basi. Na anayetamka jambo kama habari anajibebesha dhamana kwamba analijua. Hili la mwisho kila mnunuzi wa tiketi ya bahati nasibu analielewa. Droo imechezeshwa, matokeo hayajasomwa, tiketi ni milioni moja na anayeshinda ni mmoja. Uwezekano kwamba yako imeshindwa ni mkubwa kuliko uwezekano wa mambo mengi unayoyasema bila kusita. Hata hivyo huichani, wala hukubali mtu akuambie "imeshindwa hiyo" kama hajaona matokeo. Utamuuliza umejuaje, na atanyamaza.

Wako wanaosema haya ni michezo ya watu wenye mishahara. Lawama hiyo Williamson ameijibu kwa namna mbili. Kwa wenzake alikuwa mkali kuliko wanaowalaumu. Mwishoni mwa kitabu chake cha 2007, kinachoihoji falsafa yenyewe, kuna insha yenye kichwa cha namna ile walimu wetu wanavyoandika kwenye ripoti: ongeza bidii. Anawashutumu wanafalsafa wanaotoa madai makubwa bila kuyapa umbo ambalo mtu anaweza kulipima, wanaoridhika na ukungu kwa sababu ndani ya ukungu hakuna anayeshindwa.

Kwa wasio wenzake aliandika mazungumzo, mwaka 2015, ya watu wanne ndani ya treni. Bob ukuta wake umeanguka, na anaamini jirani yake mchawi ndiye aliyeuangusha. Sarah anamletea sayansi. Zac anawapatanisha kwa kusema kila mmoja ana ukweli wake. Roxana, mwanamantiki, anamshika kila mmoja pale alipojipinga mwenyewe, na hakuna anayempenda. Ni faraja kidogo kumkuta Mwingereza na ukuta wake na mchawi wake. Tumezoea kusomewa kesi hiyo sisi. Lakini kilichonivuta zaidi ni Zac. Anaonekana mpole kuliko wote, na ndiye anayebanwa vibaya kuliko wote, maana akisema kwamba hakuna aliye sahihi zaidi ya mwingine, hilo nalo analisema kama sahihi kwa wote au kwake tu? Yeyote aliyekaa kwenye kikao ambapo mwenyekiti anafunga mjadala kwa "kila mtu na mtazamo wake" atautambua uso wa Zac.

Nimeacha kwa makusudi hoja nzito kuliko zote. Waweza kukubali kwamba hatujui hesabu ya umati wala mpaka wa lundo, ukabakiza chumba kimoja usichoweza kufukuzwa: hisia zako mwenyewe. Kama nasikia baridi, hakika nipo mahali pa kujua kwamba nasikia baridi. Tangu mwanafalsafa Descartes chumba hicho kimekuwa kimbilio. Williamson anamchukua mtu alfajiri akitetemeka, msomaji wa Njombe atamwona haraka kuliko wa Tanga, na jua linapanda polepole mpaka adhuhuri amepata joto. Kubadilika kwenyewe ni kwa taratibu mno kiasi kwamba dakika na inayofuata hazitofautiani kwake. Muda wote anajiuliza: nasikia baridi sasa? Uhakika wake unapungua kidogo kidogo. Basi, kama dakika fulani anajua kwamba anasikia baridi, dakika inayofuata lazima bado anasikia baridi. Vinginevyo uhakika wake wa dakika iliyopita ulikosa nafasi ya pembeni. Na kama kila anaposikia baridi anajua, basi dakika hiyo inayofuata anajua pia, na inayofuata hiyo anasikia baridi pia, mpaka adhuhuri. Lakini adhuhuri hasikii baridi hata kidogo. Kwa hiyo kuna dakika, huko katikati ya asubuhi, ambapo alisikia baridi na hakuwa mahali pa kujua.

Hakuna chumba. Hata ndani ya ngozi yetu tunatazama kwa mbali.

Wengi hawakukubali. Brian Weatherson mwaka 2004 na Selim Berker mwaka 2008 waliirudia asubuhi ile, wakaigusa hatua moja: vipi kama kusikia baridi kwenyewe kumefungamana na kuamini kwamba unasikia baridi, kiasi kwamba viwili hivyo vinapungua pamoja na hakuna nafasi ya kimoja kubaki nyuma? Ni pingamizi zuri, na waliweza kulitoa kwa sababu Williamson alikuwa ameziandika hatua zake moja baada ya nyingine, kila moja peke yake, ili mtu aone ni ipi ya kuivunja. Vijana wanaoanza uzamivu bado wanapewa makala hizi wasome pamoja, na wengine hutoka upande mmoja, wengine upande mwingine.